Nani Anashika Hesabu? Maswali na Majibu ya Marudio: Teknolojia, Wafanyakazi na Utamaduni wa Kazini

Maelezo haya ni ya wanafunzi wa stashahada ya usimamizi wa rasilimali watu wanaojiandaa na mtihani wa mwisho. Si ya kukariri. Watahini wamechoka kusoma majibu yanayoanza na "teknolojia ni nyanja muhimu katika dunia ya leo". Anza na kazi yenyewe: nani anaifanya, kwa chombo gani, na nani anashika hesabu ya kilichofanyika. Swali hilo la tatu ndilo wengi hulisahau, na kwa maoni yangu ndilo lenye alama nyingi zaidi.

Swali la 1. Utamaduni wa kazini ni nini, na unatofautianaje na kanuni za kazi? (alama 4)

Kanuni zimeandikwa, utamaduni unaujua usipoufuata. Kanuni inasema kazi inaanza saa mbili asubuhi. Utamaduni ndio unaoamua kama mtu aliyechelewa kwa ajili ya msiba ataulizwa "umechelewa kwa nini?" au "poleni sana, mmezika wapi?" Chai ya saa nne, daftari la michango ya harusi, nani anamwamkia nani kwanza, nani anaweza kumwambia bosi kwamba amekosea: yote hayo hayamo kwenye mkataba, lakini mgeni akiyakosea hadumu.

Toa mfano mmoja wako mwenyewe. Ukiandika fasili peke yake unapata alama mbili.

Swali la 2. Neno "kibarua" linatufundisha nini kuhusu historia ya ajira katika pwani yetu? (alama 6)

Kibarua ni barua ndogo. Kamusi za zamani za Kiswahili zinaeleza kwamba mtu wa kazi za kutwa alipewa cheti kidogo, akakirudisha jioni alipolipwa. Katika karne ya 19, Unguja na Mombasa, wengi waliofanya kazi hizo walikuwa watumwa waliokodishwa mjini, na ujira wao waligawana na bwana. Baadaye jina la karatasi likahamia kwa binadamu aliyeishika. Leo tunasema "yule kibarua" bila kukumbuka kwamba tunamwita mtu kwa jina la cheti.

Kipande nacho kina historia ya aina hiyo. Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi: siku isiyotiwa alama ilihesabika kama haikufanyika, hata kama mgongo ulikuwa unauma. Kenya kipande kilikuwa hati ya utambulisho ambayo wanaume Waafrika walilazimishwa kuibeba kuanzia miaka ya 1920.

Jibu zuri litasema hivi: tangu mwanzo ajira ya ujira kwetu imeambatana na chombo cha kuhesabia, na aliyekishika chombo ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Hoja hii utaihitaji tena kwenye swali la 6, kwa hiyo usiimalize hapa.

Swali la 3. Kwa kutumia mfano wa bandari za Mombasa na Dar es Salaam, jadili jinsi teknolojia inavyobadilisha utamaduni wa kazini. (alama 20)

Hili ndilo swali kubwa. Tenga dakika arobaini.

Anza kabla ya mashine. Hadi katikati ya karne ya 20 meli ilipakuliwa kwa migongo. Makuli walifanya kazi kwa makundi, kila kundi likiwa na serahangi au mnyapara wake, na karani pembeni na daftari. Wengi waliajiriwa kwa siku. Wakubwa wa kikoloni walilalamika kwamba watu hao ni wavivu kwa sababu leo wanakuja na kesho hawaji. Kuli mwenyewe aliliona tofauti: siku ilikuwa mali yake, aliiuza alipotaka, na siku nyingine aliipeleka shambani au kwenye biashara ndogo.

Kwa kuwa walifanya kazi bega kwa bega, walijua pia kusimama pamoja. Makuli wa Mombasa na wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1939. Januari 1947 mgomo wa Mombasa ulivuka geti la bandari ukaushika mji mzima, na kiongozi aliyejitokeza kwenye chama cha wafanyakazi, Chege Kibachia, mwaka huohuo alipelekwa kizuizini Baringo. Septemba 1947 ilikuwa zamu ya Dar es Salaam: mgomo ulianzia bandarini ukafuata reli kwenda bara.

Hapa wanafunzi wengi huruka moja kwa moja hadi kwenye kontena. Usiruke. Badiliko la kwanza halikuwa la mashine, lilikuwa la orodha. Baada ya migomo, wakubwa waliona hatari ya kuwa na umati usio na majina, na katika miaka ya 1950 Mombasa ilianza kuwasajili makuli, ikapunguza watu wa kutwa na kuongeza wa mwezi. Aliyesajiliwa alipata uhakika wa chakula. Alichotoa badala yake ni ile ruhusa ya kutokuja kesho. Na mwaka 1955, makuli walipogoma tena, madai yao yalizungumzwa mezani na Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akiwa msuluhishi. Huo tayari ni utamaduni mwingine, wa vyama, mikataba na kikao.

Sasa njoo kwenye kontena. Tarehe 26 Aprili 1956 meli Ideal-X ya Malcom McLean iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Hesabu inayonukuliwa sana ni kwamba kupakia tani moja ya shehena kwa mikono kuligharimu dola 5.86, na kwa njia yake senti 16 hivi. Ukishaziona namba hizo huhitaji kueleza sana kwa nini bandari za dunia nzima zilifuata. Vipimo vya futi 20 na futi 40 vilikubaliwa kimataifa, na bandari isiyo na winchi za kuyainua masanduku hayo ikawa bandari ya kupitwa. Dar es Salaam kitengo cha makontena kilikabidhiwa kampuni binafsi mwaka 2000, na Oktoba 2023 ukasainiwa mkataba mwingine, wa miaka 30, wa kuendesha sehemu ya bandari hiyo na kampuni ya DP World. (Mjadala wa mkataba huo ulihusu zaidi umiliki na mamlaka. Ningependa tungeongea kwa ukali uleule kuhusu mafunzo ya watu wanaokaa kwenye winchi.)

Kilichobadilika ndani ya geti ni hiki.

Ujuzi ulihama kutoka mgongoni kwenda jichoni na kidoleni. Kuli hodari alijua kupanga magunia ya kahawa tumboni mwa meli yasiporomoke baharini. Leo dereva wa winchi anajua kusoma upepo na kushusha tani nyingi bila kuzigonga. Ujuzi wa yule wa kwanza haukushushwa thamani kwa kuwa ulikuwa mdogo. Hakukuwa tena na mahali pa kuutumia, na hilo ni jambo tofauti. Mtahini akiona umelitofautisha atakupa alama.

Kundi lilivunjika. Watu ishirini waliopokezana mizigo na nyimbo za kazi walibadilishwa na mtu mmoja aliyekaa juu kwenye kibanda, peke yake, akiongea na redio. Mshikamano wa kuli ulijengwa na kugusana mabega, na huyu bega lake linagusa kioo. Vyama vya wafanyakazi wa bandari bado vipo, lakini vinapaswa kutafuta njia nyingine ya kuwakutanisha watu ambao kazi yenyewe haiwakutanishi.

Udokozi ulipungua, kwa sababu kontena linafungwa kwa lakiri. Usiogope kuandika hili. Wakubwa waliuita wizi. Baadhi ya wafanyakazi waliuona kama fidia ya ujira mdogo. Na wakaazi wa mitaa ya karibu waliuita, kwa heshima zote, bei nafuu. Zote tatu ni sehemu ya utamaduni wa kazini.

Mlango ulifunguka kwa wanawake. Kazi isiyodai kubeba gunia haina tena kisingizio cha kuwaacha nje, na wanawake wameingia kwenye vibanda vya winchi. Hawajaingia wengi, kwa sababu mashine ilibadilika kabla ya fikra, choo na ratiba ya zamu za usiku.

Kazi ilihama mahali. Si lazima tena kontena lifunguliwe gatini. Linaweza kufunguliwa bandari kavu, Kurasini au Kwala, au kupandishwa treni. Kenya, reli mpya iliyozinduliwa mwaka 2017 na amri za kupeleka makontena kwa treni ziliwaumiza madereva wa malori, na pamoja nao mama lishe, mafundi wa matairi na wenye nyumba za wageni wa Mariakani na Mtito Andei. Hao hawakuwahi kuwa kwenye daftari la mwajiri yeyote wa bandari, kwa hiyo hakuna aliyewahesabu walipopoteza.

Na karani? Daftari lake limehamia kwenye kompyuta. Zamani kuli aliyeona amepunjwa alijua uso wa kumwendea. Siku hizi anaambiwa "mfumo ndivyo unavyosema".

Mtego: usihitimishe kwamba teknolojia ni mbaya wala nzuri. Swali limesema "inavyobadilisha".

Swali la 4. Eleza athari za mifumo ya kielektroniki kwa utamaduni wa utumishi wa umma Tanzania. (alama 8)

Taja matukio mawili. Mwaka 2016 serikali iliwasaka watumishi hewa, yaani majina yaliyolipwa mishahara bila mtu nyuma yake. Aprili 2017 ripoti ya uhakiki wa vyeti iliyokabidhiwa Rais Magufuli Dodoma ilitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Bila kulinganisha orodha za malipo na kumbukumbu za mitihani kazi hiyo isingewezekana.

Kisha zungumzia upimaji wa utendaji kazi. Mfumo wa OPRAS, ulioitwa kwa Kiswahili MWAMTUKA, ulianza mwaka 2004 kwa fomu za karatasi. Kila aliyewahi kufanya kazi serikalini anajua zilivyojazwa: mwezi wa Juni, usiku mmoja, mkuu na msaidizi wakikubaliana alama kama watu wanaopatana bei ya nyanya. Mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS uliofuata unamtaka mtumishi aingize kazi zake mara kwa mara.

Je, utamaduni umebadilika? Jibu langu, ambalo unaruhusiwa kulipinga kwa hoja, ni kwamba mifumo hii ni hodari kuonesha nani hayupo, na dhaifu kuonesha aliyepo anafanya nini. Nimewahi kufanya kazi mahali penye mashine ya alama za vidole mlangoni. Saa moja na dakika hamsini foleni ilikuwa ndefu kama ya mwendokasi. Saa mbili na robo nusu ya foleni hiyo ilikuwa kwenye supu. Mashine ilikuwa na taarifa kamili: wote tulikuwa kazini.

Swali la 5. "Vijana hawana nidhamu ya kazi." Jadili. (alama 10)

Ukiona nukuu ya aina hii, jua mtahini anakupima kama utalalamika pamoja naye.

Anza na idadi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923 Tanzania. Ya mwaka 2022 ilihesabu 61,741,120. Katika miaka kumi wameongezeka karibu milioni 17, na kila mwaka wanaofikia umri wa kazi ni wengi kuliko nafasi za ajira rasmi. Kijana anayeingia ofisini leo kwa kawaida ameshajaribu mambo mengine: ameuza viatu mtandaoni, ameendesha bodaboda ya mjomba, amekuwa wakala wa pesa za simu. Kazi ya uwakala yenyewe haikuwahi kufundishwa na chuo chochote. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na chini ya miavuli ya barabarani ikazaliwa ajira ambayo mwenyewe anafungua saa anayotaka na analipwa kwa kamisheni. Mtu aliyelelewa na kazi ya namna hiyo haioni saa ya ukutani kama alivyoiona baba yake. Si lazima awe mtovu wa nidhamu. Hesabu aliyoizoea ni ya muamala, nasi tunampima kwa saa.

Halafu ingia kwenye heshima, maana huko ndiko moto unakowaka. Kijana wa miaka 26 anaajiriwa kuwa mkuu wa kitengo cha TEHAMA, na chini yake kuna mzee wa miaka 54. Asubuhi mkuu anamwamkia msaidizi wake "shikamoo", na msaidizi anajibu "marahaba, bosi". Lugha imewapanga kwa njia mbili kwa pamoja na wote wawili wanaelewa. Shida inakuja kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Pale kijana anaandika "naomba ripoti kabla ya saa sita", bila salamu, na watu arobaini wanaona. Ana kwa ana angesema "mzee wangu, samahani, ile ripoti imefikia wapi?" na angeipata saa tano. Simu haikumfanya kijana kuwa mkorofi, imemwondolea tu utangulizi. Ofisi nyingi hazijakaa chini kuamua salamu inakwendaje kwenye maandishi, na nadhani muda wa kikao hicho ungekuwa na faida kuliko semina tatu za uongozi.

Malizia na vipaji. Wazee wana ujuzi usioandikwa: faili la mwaka 1998 liko wapi, mteja yupi anataka kupigiwa kabla ya kuandikiwa, pampu ipi ikinguruma hivi inataka nini. Vijana wana wepesi wa kujifunza chombo kipya. Mwajiri anayemstaafisha mzee Ijumaa na kumwajiri kijana Jumatatu ametupa ujuzi wa miaka thelathini katika siku mbili za mapumziko. Wakae pamoja angalau miezi sita, kama fundi na mwanagenzi, na kila mmoja awe mwanagenzi wa mwenzake.

Swali la 6. Dereva anayepata abiria kupitia programu ya simu ni mfanyakazi au mfanyabiashara? Rejea sheria. (alama 12)

Katika programu hizi, Uber ilianza Nairobi mwaka 2015 na Dar es Salaam mwaka 2016. Kampuni husema dereva ni mshirika. Dereva husema mshirika gani asiyejua kesho atakatwa kiasi gani. Serikali ziliingilia kwenye makato: mwaka 2022 mamlaka ya usafiri ardhini ya Tanzania, LATRA, iliweka ukomo wa asilimia 15, Uber ikasitisha sehemu ya huduma zake Tanzania, na mwaka uliofuata ikarejea baada ya ukomo kupandishwa hadi asilimia 25. Kenya, kanuni za mwaka 2022 ziliweka asilimia 18. Angalia vizuri: huo ulikuwa ugomvi wa bei. Swali la ajira lilibaki pale pale.

Tanzania, Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, kifungu cha 61, inatoa vigezo saba. Kimoja tu kikiwepo, mtu anachukuliwa kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo: namna anavyofanya kazi inaelekezwa na mwingine, saa zake zinaelekezwa, yeye ni sehemu ya taasisi, amefanya kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea mwingine kiuchumi, amepewa vitendea kazi, anamhudumia mtu mmoja tu.

Pitia kimoja kimoja. Gari ni la dereva au la tajiri wake, si la kampuni. Saa anachagua, ingawa bonasi humchagulia. Anaweza kuwa na programu tatu kwenye simu moja. Lakini nani anapanga nauli? Nani anamfungia akaunti nyota zikishuka? Na saa 45 kwa mwezi wengi wao huzimaliza ndani ya siku nne.

Hapa rudi kwenye swali la 2. Kibarua wa zamani alishika cheti chake mkononi mchana kutwa. Dereva wa leo cheti chake kiko kwenye seva asiyoijua iliko, na kikifutwa hana cha kumwonesha mtu.

Swali la 7. Mfanyakazi anayepimwa na mashine ana haki gani juu ya taarifa zake? (alama 3)

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote zinampa mhusika haki ya kujua kinachokusanywa na kudai kisahihishwe. Ukiwa na nafasi, ongeza kesi ya wasimamizi wa maudhui wa Nairobi dhidi ya Meta: Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliruhusu mashauri hayo yasikilizwe nchini, ingawa kampuni hiyo ina makao yake ng'ambo.

Swali la 8. Ghala limenunua mashine za kuinulia mizigo na kumpunguza kazini mtu aliyefanya kazi mfululizo miaka 13 na miezi 4. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 20,000 kwa siku. Kokotoa kiinua mgongo chake kwa sheria ya Tanzania, na taja wajibu mwingine wa mwajiri. (alama 7)

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inatoa mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Kwa hiyo: 7 × 10 × 20,000 = shilingi 1,400,000. Ukizidisha kwa 13 umekosa. Ukizidisha kwa 13.33 umekosa zaidi.

Wajibu mwingine: kutoa taarifa mapema ya nia ya kupunguza watu, kueleza sababu, na kushauriana kuhusu njia za kuepuka au kupunguza makali, vigezo vya kuchagua watakaoondoka, muda na malipo. Ushauriano ufanyike kabla ya uamuzi. Kikao cha kutangaza jambo lililokwishaamuliwa si ushauriano, hata kama kilikuwa na soda.

Sehemu ngumu ya swali hili haimo kwenye ukokotoaji. Iko kwenye neno "mfululizo". Makuli wengi wa maghala huchukuliwa asubuhi kwa asubuhi, miaka nenda rudi, bila karatasi. Mwajiri atasema hamjui. Kifungu cha 15 cha sheria hiyohiyo kinamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi na kuyatunza miaka mitano baada ya ajira kwisha. Akishindwa kuyatoa kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa ni wake. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kuli wa namna hiyo apeleke nini mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nikamwambia aanze na simu yake: ujumbe wa malipo yaliyoingia kila jioni, namba ileile ya mnyapara, tarehe kwa tarehe.